"Umejuaje?": Fumbo la Sudoku na Njia za Kulifumbua

Jioni, chakula kikiisha kuliwa, watoto hukaa pamoja wakategana vitendawili. Mmoja husema, "Kitendawili!" na wenziwe huitikia, "Tega!" Asiyejua jibu hutaja hili na hili, labda kwa bahati atalipata, akishindwa, hutoa mji. Hapana ubaya kujaribu hivyo, kwani ni mchezo wa furaha. Lakini yako mafumbo ya namna nyingine, yasiyotaka bahati hata kidogo, ila yataka akili iliyotulia. Moja katika hayo ni sudoku, na hilo ndilo nitakalo kuwaeleza.

ASILI YAKE

Watu wengi hudhani kuwa fumbo hili lilizaliwa Japani, kwa sababu jina lake ni la Kijapani. Sivyo. Katika karne ya 18 mwanahesabu mkuu wa Uswisi, Leonhard Euler, aliandika juu ya miraba ambayo ndani yake kila alama huonekana mara moja tu katika kila mstari. Lakini fumbo lenyewe, kama tulijuavyo, lilitungwa na Mmarekani mmoja, Howard Garns, aliyekuwa mchoraji wa ramani za majumba, nalo lilipigwa chapa Marekani mwaka 1979. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ya Tokyo ililitia katika gazeti lake, na bwana Maki Kaji akalipa jina la sudoku, ambalo maana yake ni kuwa kila tarakimu yapaswa kuwa peke yake. Mwaka 2004 Wayne Gould, mtu wa New Zealand aliyekuwa hakimu huko Hong Kong, alilipeleka kwa gazeti la The Times la London, na tangu hapo likaenea ulimwenguni kote.

SHERIA YAKE

Twaeni karatasi mkachore mraba mkubwa, mkaugawe vyumba 81, yaani mistari 9 ya kulala na mistari 9 ya kusimama. Mistari ya kulala tutaiita milalo, tukiihesabu toka juu kwenda chini. Mistari ya kusimama tutaiita nguzo, tukizihesabu toka kushoto kwenda kulia. Kisha gaweni mraba ule kwa mistari minene, ili ziwe nyumba 9, kila nyumba yenye vyumba 9, vitatu kwa vitatu. Nyumba ya 1 i juu kushoto, ya 3 i juu kulia, ya 7 i chini kushoto, na ya 9 i chini kulia.

Ili tusipoteze maneno, kila chumba tutakitaja kwa namba mbili: kwanza mlalo wake, halafu nguzo yake. Basi chumba 2-8 ni kile kilicho katika mlalo wa 2 na nguzo ya 8.

Sheria ni moja tu: katika kila mlalo, na kila nguzo, na kila nyumba, tarakimu 1 hata 9 zipatikane zote, wala isirudiwe hata moja. Mtungaji wa fumbo hujaza vyumba vichache, na wewe wajaza vilivyosalia. Tena fumbo lililotungwa sawasawa lina jibu moja tu.

ALINIULIZA MTOTO MMOJA

Kabla sijaeleza njia zenyewe, nitawasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, nalo ni la aibu kidogo.

Siku moja nilichora fumbo gumu ubaoni, tukalifumbua pamoja darasani. Tulikwenda vizuri mpaka tukafika mahali pa kukwama. Kilikuwapo chumba kimoja kilichoweza kuwa 3 au 8, na wakati wa kengele ulikuwa karibu. Nikaandika 8. Hapo msichana mmoja mdogo, ambaye si kawaida yake kusema, akainua mkono akauliza, "Mwalimu, niwie radhi. Umejuaje kuwa ni 8?"

Nikamjibu, "Itaonekana mbele." Lakini kwa kweli nalikuwa sikujua, nilibahatisha tu. Tukaendelea kujaza, na tulipobakiza vyumba vitatu, tukaona tarakimu 5 mbili katika mlalo mmoja. Haikutupasa ila kufuta ubao wote, maana hakuna aliyeweza kusema kosa lilianzia wapi.

Usiku ule niliketi na fumbo lile mpaka nikapata njia, na asubuhi nikaja nikalieleza darasa zima, nikamshukuru yule mtoto mbele ya wenziwe. Tangu siku ile, kila nikitaka kuandika tarakimu hujiuliza swali lake: umejuaje? Asiyeweza kulijibu, na aiweke kalamu yake chini.

MASWALI MAWILI YA KUANZIA

Katika kila chumba kitupu andikeni kwa herufi ndogo tarakimu zote ambazo sheria haijazikataza. Hizo tutaziita wadai, kwa kuwa kila mmoja adai kuwa chumba ni chake. Kazi yetu ni kama kazi ya kadhi: si kumpa mtu haki kwa kumpenda, bali kuwaondoa wadai wasio na haki, mpaka abaki mwenyewe.

Swali la kwanza ni hili: chumba hiki ni cha nani? Ikiwa kina mdai mmoja tu, ni chake, andikeni. Swali la pili ni kinyume cha lile: tarakimu hii itakaa wapi? Yaweza kuwa chumba kina wadai wanne, lakini mmoja wao, tuseme 6, hana mahali pengine pa kukaa katika nyumba ile. Basi chumba ni cha 6, na wale watatu huondoka. Wengi hukumbuka swali la kwanza wakalisahau la pili, kisha hulalamika kuwa fumbo ni gumu.

Mafumbo mepesi hufumbuliwa kwa maswali haya mawili. Yaliyo magumu yataka njia zifuatazo.

NJIA YA KWANZA: MDAI ALIYEFUNGWA

Tazameni nyumba ya 1. Tuseme tarakimu 6 yaweza kukaa katika vyumba viwili tu, 1-2 na 1-3. Hatujui bado ni kipi. Lakini twajua jambo jingine: vyumba hivyo vyote viwili vi katika mlalo wa 1. Kwa hiyo 6 ya mlalo wa 1 haina budi kuwa ndani ya nyumba ya 1, nasi twaweza kumwondoa mdai 6 katika vyumba vyote vya mlalo huo vilivyo katika nyumba ya 2 na ya 3.

Oneni ajabu ya jambo hili: hatukuijua tarakimu ilipo, lakini tumejua isipokuwapo. Elimu ya namna hii ndiyo mlango wa njia zote zitakazofuata.

NJIA YA PILI: MAPACHA

Tuseme katika mlalo wa 5, chumba 5-1 kina wadai 2 na 7 tu, na chumba 5-8 kina wadai wale wale 2 na 7 tu. Chumba 5-4 kina wadai 2, 7 na 9. Je, 5-4 chaweza kuwa 2? Kikiwa 2, vyumba vyote viwili, 5-1 na 5-8, vitabakiwa na 7 peke yake, na haiwezekani 7 mbili kukaa katika mlalo mmoja. Kikiwa 7, vitabakiwa na 2 peke yake, na kosa ni lile lile. Basi 5-4 ni 9. Wale 2 na 7 ni kama mapacha waliofunga vitanda viwili. Hatujui nani atalala kipi, lakini hapana mtu mwingine awezaye kulala hapo, wala wao hawawezi kwenda pengine.

Wako pia mapacha waliojificha. Katika nyumba ya 9, tuseme 3 na 8 hazina mahali ila katika vyumba viwili, 7-8 na 9-9. Chumba 7-8 kina wadai 1, 3, 5, 8. Na 9-9 kina wadai 3, 4, 8. Kwa kuwa tarakimu mbili zina vyumba viwili tu, vyumba hivyo vimejaa tayari. Waondoeni 1, 5 na 4, abaki 3 na 8 peke yao katika vyote viwili. Njia hii hufaa hata kwa tarakimu tatu zenye vyumba vitatu.

NJIA YA TATU: PEMBE NNE

Hii ndiyo iliyoniokoa usiku ule. Chagueni tarakimu moja, tuseme 5. Tazameni mlalo wa 2: 5 yaweza kukaa katika 2-3 au 2-8 tu. Kisha tazameni mlalo wa 7: 5 yaweza kukaa katika 7-3 au 7-8 tu. Vyumba hivi vinne ni pembe nne za umbo moja, maana viwili vi katika nguzo ya 3, na viwili vi katika nguzo ya 8.

Sasa fikirini polepole. Kama 5 ya mlalo wa 2 iko 2-3, basi nguzo ya 3 imekwisha pata 5 yake, na ile ya mlalo wa 7 lazima iwe 7-8. Kama ile ya mlalo wa 2 iko 2-8, basi ya mlalo wa 7 lazima iwe 7-3. Hapana hali ya tatu. Katika hali zote mbili, nguzo ya 3 imepata 5 katika pembe mojawapo, na nguzo ya 8 vile vile. Basi mdai 5 hana haki tena katika chumba kingine cho chote cha nguzo ya 3 au ya 8. Ikiwa chumba 5-3 kilikuwa na wadai 5 na 9, sasa ni 9.

Mtu akiwauliza, "Umejuaje?" jibu lipo: "Nimezijaribu hali zote mbili, na zote zimenena neno moja." Huko si kubahatisha. Mwenye kubahatisha hushika hali moja akaiacha nyingine. Mwenye kufikiri huzisikiliza zote mbili, kama mzee wa baraza awasikilizavyo watu wawili wenye kesi, akashika lile ambalo wote wawili wamelikiri.

Njia hii yaweza kupanuliwa. Tuseme katika mlalo wa 1, tarakimu 5 imo katika nguzo ya 2 au ya 5 tu. Katika mlalo wa 4 imo katika nguzo ya 5 au ya 7 tu. Katika mlalo wa 9 imo katika nguzo ya 2 au ya 7 tu. Milalo ni mitatu, na kila mmoja wahitaji 5 yake. Nguzo pia ni tatu, na kila moja yaweza kupokea 5 moja tu. Kwa hiyo nguzo za 2, 5 na 7 zitajazwa na milalo hii mitatu, hata isibaki nafasi. Mwondoeni 5 katika vyumba vingine vyote vya nguzo hizo. Wazungu wameiita njia hii kwa jina la samaki mwenye pua ndefu kama upanga. Lakini sisi yatutosha kukumbuka hesabu yake: milalo mitatu, nguzo tatu.

NJIA YA NNE: KITOVU NA MABAWA

Mpaka sasa tumefuata tarakimu moja au mapacha. Njia hii yatumia tarakimu tatu. Tafuteni chumba chenye wadai wawili tu. Hicho ni kitovu. Tuseme ni 2-2, chenye wadai 3 na 7. Katika mlalo wake kipo chumba 2-6, chenye wadai 3 na 9. Katika nguzo yake kipo chumba 8-2, chenye wadai 7 na 9. Hivi viwili ni mabawa.

Kitovu kikiwa 3, bawa la 2-6 haliwezi kuwa 3, basi ni 9. Kitovu kikiwa 7, bawa la 8-2 haliwezi kuwa 7, basi ni 9. Kwa vyo vyote, bawa moja litakuwa 9. Sasa tazameni chumba 8-6: ki mlalo mmoja na 8-2, tena ki nguzo moja na 2-6. Chaangaliana na mabawa yote mawili. Kwa hiyo hakiwezi kuwa 9 kamwe. Ikiwa wadai wake walikuwa 4 na 9, sasa ni 4.

NJIA YA TANO: RANGI MBILI

Hapa twahitaji kalamu mbili, nyekundu na buluu. Chagueni tarakimu moja, tuseme 4, mkatafute mahali ambapo ina vyumba viwili tu katika mlalo, au nguzo, au nyumba. Tuseme katika mlalo wa 1 ni 1-1 na 1-6 tu. Katika nguzo ya 6 ni 1-6 na 8-6 tu. Katika mlalo wa 8 ni 8-6 na 8-3 tu.

Tieni 1-1 rangi nyekundu. Mwenziwe 1-6 ni buluu, kwa kuwa mmoja wao ni kweli na mmoja si kweli. Mwenziwe 1-6 katika nguzo ni 8-6, basi huyo ni mwekundu. Mwenziwe 8-6 ni 8-3, naye ni buluu. Huu ni mnyororo: ama vyumba vyote vyekundu ni 4, ama vyote vya buluu ni 4.

Tazameni basi chumba 2-3. Ki nyumba moja na 1-1, ambacho ni chekundu. Tena ki nguzo moja na 8-3, ambacho ni cha buluu. Rangi moja haina budi kuwa kweli, na rangi yo yote itakayokuwa kweli yakikataza chumba hiki kuwa 4. Basi mwondoeni mdai 4 hapo. Zaidi ya hayo, mkiona vyumba viwili vya rangi moja katika mlalo mmoja, au nguzo moja, au nyumba moja, jueni kuwa rangi hiyo yote ni ya uwongo, na ile nyingine ndiyo kweli.

NJIA YA SITA, NAYO YATAKA HADHARI

Tuseme vyumba 1-2, 1-5 na 3-2 vyote vina wadai 2 na 8 tu, na chumba 3-5 kina wadai 2, 6 na 8. Vyumba hivi vinne vi katika milalo miwili, nguzo mbili na nyumba mbili. Kama 3-5 nacho kingekuwa 2 au 8, tungeweza kubadilishana 2 na 8 katika pembe zote nne, na fumbo lingekuwa na majibu mawili. Lakini tumesema fumbo zuri lina jibu moja tu. Basi 3-5 ni 6.

Hoja hii ni sawa, lakini angalieni: imesimama juu ya uaminifu wa mtungaji. Kama yeye alikosea, nasi tutakosea pamoja naye. Kwa hiyo mimi huitumia mwisho, tena pale tu ninapojua fumbo limetoka kwa mtu wa kuaminiwa. Ni vizuri mtu ajue hoja yake imeegemea ukuta gani.

KWA NINI TUSIBAHATISHE?

Mwaka 2005 wanahesabu wawili, Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis, walihesabu ni kwa namna ngapi mraba huu waweza kujazwa pasipo kuvunja sheria. Wakapata 6,670,903,752,021,072,936,960. Mwenye kujaza kwa bahati tu amejitupa katika bahari hiyo bila mtumbwi. Tena mwaka 2012 Gary McGuire wa Dublin na wenzake walionyesha, kwa msaada wa mashine za kuhesabu, kuwa fumbo lenye jibu moja tu halina budi kupewa tarakimu 17 kwa uchache. Tarakimu 17 tu, na kutoka hizo vyumba 64 vilivyosalia vyaweza kujulikana vyote! Aliyepewa kidogo akakifikiria vizuri, ana kingi.

Mashauri yangu ni haya. Andikeni wadai wote kwa uangalifu, maana mdai mmoja aliyesahauliwa huharibu hoja nzima. Mkiandika tarakimu, mwondoeni mdai huyo mara moja katika mlalo, nguzo na nyumba yake. Jaribuni njia nyepesi kwanza, na kila mkipiga hatua moja rudini kwenye nyepesi tena, kwani jiwe moja likiondoka mara nyingi mengine huporomoka yenyewe. Na mkichoka, acheni mpaka kesho; haraka haraka haina baraka.

Yule msichana hakuwa wa kwanza darasani katika hesabu, wala hakujua njia yo yote katika hizi nilizozieleza. Alijua swali tu. Lakini kwa swali lile alimrudisha mwalimu wake kwenye njia, na hilo ni zaidi ya kufumbua fumbo. Nanyi, mtu akiwaletea habari sokoni, au akiwaambia fulani ni mwizi, au dawa fulani huponya kila ugonjwa, muulizeni kwa adabu: umejuaje?

MAZOEZI

1. Katika nguzo ya 4, vyumba 2-4 na 9-4 vina wadai 1 na 6 tu. Chumba 5-4 kina wadai 1, 6 na 8. Chumba 5-4 ni tarakimu gani? Umejuaje?

2. Katika mlalo wa 3, na pia katika mlalo wa 8, tarakimu 7 yaweza kukaa katika nguzo ya 1 au ya 5 tu. Chumba 6-5 kina wadai 2 na 7. Ni tarakimu gani? Elezeni hali zote mbili.

3. Kitovu ni 5-5, chenye wadai 1 na 4. Mabawa ni 5-9, chenye wadai 1 na 8, na 2-5, chenye wadai 4 na 8. Ni chumba gani kisichoweza kuwa 8, na kwa sababu gani?